CT angio, MRI, altrasaundi au katheta: kipimo gani cha aota kinakufaa?

Daktari kaandika kwenye fomu "CT angio ya aota", mmerudi nyumbani na sasa familia imegawanyika. Shangazi anasema mionzi itammaliza mzee, nendeni MRI. Kaka anasema mbona altrasaundi bei yake ni ya chini na inaona vilevile. Jirani kasikia kuna ile ya kupitisha mpira pajani, eti hiyo ndo ya uhakika kuliko zote. Kila mmoja kashika kipande cha ukweli, ila hakuna aliyeuliza jambo la kwanza kabisa: daktari anatafuta nini kwenye huo mshipa, na jibu analitaka leo au hata mwezi ujao sawa tu? Mi nafanya kazi upande wa mionzi na nawaambia kwa moyo mmoja, ukishapata majibu ya hayo mawili nusu ya mzozo inaisha palepale.

Twende pamoja kidogo. Aota ndo mshipa mkubwa kuliko yote mwilini, ndo bomba kuu. Inatoka kwenye moyo, inapanda, inakunja kona ikitoa matawi ya kichwa na mikono, inashuka ikipita mbele ya uti wa mgongo, inaingia tumboni inalisha ini, utumbo na figo, halafu usawa wa kitovu inagawanyika mbili kwenda miguuni. Shida zake kubwa ni tatu: inavimba, yaani inatanuka taratibu bila kuuma mpaka inafikia kupasuka, au tabaka lake la ndani linachanika na damu inajipenyeza katikati ya ukuta, au inabana na kuziba, yenyewe au matawi yake. Presha isiyodhibitiwa na sigara ndo wachochezi wakubwa. Alafu kuna wanaozaliwa na tishu dhaifu kama wenye Marfan, kuna Takayasu, ugonjwa wa kuta za mishipa kuvimba kwa moto, unaopenda zaidi wanawake vijana, na kaswende iliyokaa miaka mingi bila tiba nayo inaweza kuharibu aota.

Jambo lingine kabla hatujalinganisha, na hili naliomba sana mlishike: CT ya kawaida na CT angio ni vitu viwili tofauti. Mashine ni ileile, ile ya mionzi inayopiga mwili vipande vipande, kitanda ni kilekile, ila kwenye angio dawa ya kontrasti, yaani ya kuing'arisha mishipa kwenye picha, inasukumwa kwa kasi kwenye mshipa wa mkono na picha zinapigwa kwenye zile sekunde chache ambazo dawa imejaa kwenye ateri, mishipa inayotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini. Ukipigwa CT ya tumbo bila dawa, upana wa aota utaonekana ndio, lakini ndani ya mshipa hapasomeki. Kuna watu wanalipa mara mbili sababu fomu iliandikwa "CT tumbo" tu. Kama imeandikwa hivyo na daktari alikwambia habari za mshipa, rudi ukaulize kabla hujalipia.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Vipimo tutakavyoweka pamoja ni vinne: CT angio, MRI ya mishipa (mashine ya sumaku), altrasaundi (hapa natia na Dopla, altrasaundi ya mwendo wa damu, na eko, altrasaundi ya moyo), na angio ya katheta, ile ya kupitisha mpira pajani. Tutaviuliza maswali yaleyale. Kinaona nini na nini kinakipita? Kina haraka kiasi gani? Siku yenyewe mwili unapitia nini? Madhara yake yapi? Na pesa, umbali, marudio, vipi? Bei kamili sitaziweka manake hospitali na hospitali zinatofautiana na bima nazo zinabadilika, nitasema kipi kipo juu ya kipi basi.

Kinaona nini, na nini kinakipita

CT angio hapa ina nguvu sana. Kwa mkupuo mmoja inaweza kuchukua kuanzia shingoni mpaka kinenani, na ikitakiwa mpaka vidoleni miguuni, kwa vipande vyembamba chini ya milimita moja. Inaona mkondo wa damu, inaona ukuta, inaona chokaa iliyoganda ukutani, inaona donge la damu lililokaa ndani ya uvimbe, inaona damu iliyovuja nje, na inaona majirani wote: mapafu, figo, utumbo. Daktari wa upasuaji anayetaka kuweka stenti ya aota (kibomba kinachoshikilia mshipa kwa ndani) anapimia humo, urefu, upana, kona, umbali kutoka ateri za figo, maana stenti ikikosewa saizi inavuja au inaziba tawi. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye ile aota inayopanda kutoka kwenye moyo. Moyo unadunda, mshipa unatikisika, picha inatoka na mstari pacha unaoweza kufanana kabisa na mchaniko wakati hakuna kitu. Dawa yake ni kufunga kifuani nyaya za ECG, zinazosoma mapigo ya moyo, ili mashine ipige kwa kufuata mapigo, kwa hiyo kama shaka iko karibu na moyo ulizeni kama hapo wanapiga hivyo. Mashine ya slaisi 16 (slaisi ni vipande inavyopiga kwa mzunguko mmoja) kwa aota ya tumbo inafanya kazi nzuri tu, ila kwa kazi ya karibu na moyo slaisi 64 kwenda juu ndo zinapendelewa.

MRI nayo inaona kwa namna yake. Ukuta wa mshipa ukiwa na uvimbe-moto, kama kwenye Takayasu, MRI inauonesha vizuri kwelikweli, na inapima hata kasi ya damu na kiasi kinachovuja kwenye vali ya aota, kitu ambacho CT haikupi. Chokaa inaikosa. Na aliyewekewa stenti ya chuma, sehemu ile inaweza kutoka nyeusi, husomi kilichomo ndani.

Altrasaundi, jamani, isidharauliwe. Aota ya tumbo inaipima vizuri sana mikononi mwa anayejua kazi yake, na kwa swali la "imevimba au haijavimba" mara nyingi inatosha kabisa. Kwa kawaida aota ya tumbo ina kama sentimita 2, ikifika 3 tunasema imevimba, na mazungumzo ya upasuaji huwa yanaanza ikikaribia 5.5 kwa wanaume na 5 kwa wanawake. Dopla inaonesha kasi ya damu shingoni na miguuni, ukiona mahali kasi imepanda ghafla ujue pamebana. Inachokosa ni kifua: mapafu yana hewa, na sauti ya altrasaundi haipiti hewa. Hata tumboni gesi na mafuta mengi vinaiziba. Eko ya kawaida juu ya kifua inaona mwanzo wa aota pale inapotoka kwenye moyo, zaidi ya hapo inakisia. Eko ya kupitia kooni inaona karibu aota yote ya kifuani kwa ukaribu mzuri, isipokuwa kipande kimoja karibu na ile kona, sababu bomba la hewa limekaa katikati.

Sasa katheta, ile "ya uhakika". Kwa miaka mingi ndo ilikuwa kipimo kikuu, na mpaka leo kwa ateri ndogondogo ina picha safi kuliko wengine. Lakini kaeni na hili: inaonesha damu inayopita, haioneshi ukuta. Ukienda na ule mfano wa bomba, unaona maji tu, bomba lenyewe hulioni. Uvimbe mkubwa uliojaa donge la damu pembeni unaweza kutoka kwenye katheta na upana wa kawaida kabisa kwa sababu katikati damu inapita njia nyembamba, mgonjwa akaambiwa yuko salama na hayuko salama. Ndo maana siku hizi kwa kutafuta ugonjwa wa aota watu wanaanza na CT. Uzuri wa katheta ni kwamba ukifika pale umeshafika kwenye tiba: palepale wanapuliza puto, wanaweka stenti, wanaziba panapovuja.

Haraka

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo panapoua watu.

Mtu akipata maumivu ya ghafla, makali tangu sekunde ya kwanza, kifuani au katikati ya mgongo, anasema ni kama kitu kinachanika, wakati mwingine presha ya mkono huu na ule zinapishana, au mguu mmoja unakufa ganzi, hapo aota inaweza kuwa imechanika. Mchaniko ukiwa kwenye aota inayopanda, hesabu wanazofundishwa madaktari ni kwamba saa za mwanzo hatari ya kifo inaongezeka kwa kama asilimia 1 hadi 2 kila saa, na tiba yake ni upasuaji wa dharura. Mchaniko ukiwa umeanzia chini ya ile kona, wengi wanaanza na dawa za kushusha presha kwa haraka na kuangaliwa kwa karibu. Bila picha huwezi kujua ni upi kati ya hiyo miwili. Na unafanana na shambulio la moyo, sasa dawa za kuyeyusha donge zinazosaidia kwenye shambulio la moyo zinaweza kumaliza mtu aliyechanika aota. Hata DeBakey, daktari mpasuaji wa Marekani ambaye jina lake ndo linabeba moja ya njia za kuupanga mchaniko wa aota, ulimkuta mwenyewe mwishoni mwa 2005 akiwa na miaka 97. Alipasuliwa Februari 2006 kwa upasuaji alioshiriki kuuanzisha, akaishi mpaka 2008.

CT angio kwenye hali hiyo, upigaji wenyewe ni sekunde kadhaa, ukijumlisha kuweka kanula (kimrija cha kuingizia dawa mshipani) na kumlaza mtu ni kama robo saa hivi. MRI ni nusu saa mpaka saa nzima ndani ya mashine, mgonjwa mahututi humo ndani ni shida kumhudumia. Eko ya kooni inafanyika hata kitandani kwake au mezani chumba cha upasuaji, kwa hiyo asiyeweza kuhamishwa hiyo ndo mkombozi wake, ila lazima awepo daktari anayeijua. Altrasaundi ya haraka pale mapokezi kwa mzee aliyeanguka na tumbo linauma inajibu kwa dakika chache kama aota imevimba. Katheta inahitaji timu nzima na maandalizi.

Kama hamna dharura, kigezo hiki kina uzito mdogo, pitieni vingine.

Siku yenyewe mwili unapitia nini

CT angio: wengi wataambiwa wasile chakula kizito saa chache kabla, maji kunywa ruksa isipokuwa wakikwambia vinginevyo. Watataka majibu ya kreatini, kipimo cha damu cha figo, ya karibuni. Kanula inayowekwa ni nene, ya kijani au ya pinki, tena kwenye mkunjo wa kiwiko, usishangae wakiikataa ile ndogo uliyokuja nayo wodini, kwa sababu dawa inaingia mililita 4 mpaka 5 kwa sekunde na mshipa mdogo utapasuka. Dawa ikiingia unasikia joto linapanda kooni, linashuka, mdomoni ladha ya chuma, na huku chini unahisi kabisa kama umejikojolea. Hujajikojolea. Nasema hivi wazi kwa sababu wazee wetu wanaona aibu, wanashtuka, wanajitikisa na picha inaharibika. Ukiambiwa shika pumzi, shika. Mkono ukiuma au kuvimba pale kwenye kanula, piga kelele usijikaze.

MRI: ni mtaro mwembamba, makelele ya kugonga, wanakupa vizibo vya masikio. Vitu vya chuma vyote nje, pini za mtandio, klipu kwenye nywele za bandia, vikuku. Mafundi wa kuchomelea waseme kabla kama waliwahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni, hili sio utani, sumaku ile inaweza kukisogeza. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo alete kadi yake, baadhi ya vifaa vinakubali MRI na vingine havikubali. Anayeogopa kubanwa aseme mapema, akisaidiwa na dawa ya kutuliza wengi wanaweza.

Altrasaundi: kaa na njaa tangu usiku ili gesi ipungue, jeli ya baridi, basi. Ya kooni ndo ngumu kidogo, unalala na njaa, unapewa dawa ya usingizi mwepesi na mpira unapita kooni, mwenye shida ya kumeza aseme.

Katheta: unasaini fomu ya ridhaa, ganzi kwenye kinena au kifundo cha mkono, baadaye unalala chali saa kadhaa ukikandamizwa pale walipochoma. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu lazima awaambie siku kabla.

Madhara: mionzi, figo na aleji

Shangazi yuko sahihi kwamba CT ina mionzi. Dozi ya CT angio ya aota mara nyingi inaangukia kati ya milisivati (kizio cha mionzi) 5 na 15, kutegemea mashine na umbali uliopigwa, wakati binadamu kwa wastani duniani anapata kama 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga na chakula, bila kupimwa popote. Kwa hiyo ni mionzi ya miaka kadhaa kwa mkupuo. Kwa mzee wa miaka 68 ambaye aota yake inaweza kupasuka, ile hatari ndogo ya saratani miaka mingi mbele haiwezi kulingana na hatari iliyopo leo. Kwa binti wa miaka 19 mwenye Takayasu atakayepigwa picha kila mwaka mpaka uzeeni, hesabu inageuka kabisa, na hapo MRI ina haki ya kutangulia. Katheta nayo ina mionzi, tena ikichanganyika na tiba ndefu inaweza kuipita CT. Altrasaundi na MRI hazina mionzi hiyo.

Figo: dawa ya CT na ya katheta ina ayodini, na wasiwasi wa kweli uko kwa wale ambao uwezo wa figo kuchuja umeshuka chini ya 30, au figo zimeumia ghafla siku hizihizi. Hao wanahitaji mjadala, kuongezewa maji, au kipimo mbadala. Wenye kisukari wanaomeza metformini waulize kama waiache kwa saa 48 baada ya kipimo, kama figo ziko vizuri mara nyingi hakuna haja. MRI watu wanadhani haina habari na figo, sio kweli, dawa yake ya gadolinamu aina za zamani zilihusishwa na ugonjwa mbaya wa ngozi na viungo kukakamaa kwa wenye figo zilizochoka sana, siku hizi zinatumika aina salama zaidi na pia kuna MRI za mishipa zisizohitaji dawa kabisa.

Aleji, hapa watu wa pwani nisikilizeni. Kuna watu wananyimwa au wanakataa kontrasti kwa sababu wakila kamba au pweza wanawashwa. Aleji ya vyakula vya baharini inatokana na protini za mnyama yule, haina uhusiano wa pekee na ayodini ya dawa. Kinachotisha kweli ni kama uliwahi kupata shida na dawa yenyewe ya kontrasti: mwasho, kuvimba uso, kubanwa pumzi. Hiyo iseme kwa kila mtu utakayemkuta, kuanzia anayeandika fomu mpaka anayekuwekea kanula, kuna dawa za kukuandaa au utapelekwa kipimo kingine. Mwenye goita inayofanya kazi kupita kiasi naye aseme.

Katheta peke yake ina lile la kuchomwa ateri: kutoka damu, uvimbe kinenani, na kwa wachache uchafu wa ukutani kung'oka ukaenda mahali pabaya, hata kwenye ubongo. Ni nadra ila lipo, ndo maana haifai kuombwa kwa ajili ya "kuhakikisha tu".

Pesa, umbali na marudio

Kwa kawaida altrasaundi iko chini, CT angio juu yake, MRI juu ya CT, katheta juu ya zote hasa ikiwa na stenti. Tanzania miaka hii ya karibuni hospitali za rufaa za mikoa nyingi zimewekewa CT, kwa hiyo mtu wa mkoani hana lazima ya kukimbilia Dar kwa kipimo hicho. MRI bado ni ya miji mikubwa zaidi. Katheta inataka kituo cha moyo au cha mishipa, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Kabla ya kusafiri pigeni simu muulize maswali mawili: mashine inafanya kazi leo? Na dawa ya kontrasti ipo? Alafu kama ni ya bima, kibali kiwe kimetoka tayari.

Bei ya kipimo pia uizidishe kwa marudio. Uvimbe wa tumboni unaofuatiliwa unapimwa miaka. Uingereza, kule wanakowaita wanaume wote wanapofikisha miaka 65 kwa altrasaundi moja (wazee wetu walioko huko barua ikija nendeni, msiitupe), uvimbe wa sentimita 3 mpaka 4.4 wanaurudia kila mwaka, wa 4.5 mpaka 5.4 kila miezi mitatu. Piga hesabu hiyo kwa CT uone mionzi na pesa vinavyofika wapi. Kwa altrasaundi inawezekana.

Na tukumbuke tulikotoka. Einstein alikuwa na uvimbe wa aota ya tumbo, na mwaka 1948 ilibidi apasuliwe tumbo ndo wajue ni nini kile, wakauzungushia selofani, ukapasuka Aprili 1955 akafa. Mgonjwa wa kwanza kuwahi kupigwa CT alipigwa Oktoba 1971 huko London, kazi ya mhandisi Mwingereza Hounsfield, na aliyegawana naye Nobel ya 1979, Allan Cormack, alikuwa mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeanza hesabu zake akiwa Cape Town. Leo hospitali ya mkoa inamwonesha daktari kitu ambacho Einstein na pesa zote za Marekani hakukipata.

Kwa hiyo wewe uko wapi?

Maumivu ya ghafla ya kuchanika, au ajali ya gari au bodaboda iliyogonga kwa kasi na kifua kimeumia: CT angio iliyo karibu zaidi, sasa hivi. Kwenye ajali kali aota inaweza kukatika pale inapoanza kushuka na kwa nje mtu akaonekana mzima. Usimpandishe mgonjwa huyu basi kwenda kutafuta MRI. Kama hawezi kuhamishwa, eko ya kooni kama ipo.

Mzee aliyevuta sigara, au ambaye kaka yake alikufa kwa aota kupasuka, hana dalili yoyote, mnataka kujua tu: altrasaundi ya tumbo. Ikitoka ya kawaida mmemaliza kwa bei nafuu.

Uvimbe unajulikana na bado mdogo: endeleeni na altrasaundi, ikiwezekana palepale na kwa mtu yuleyule ili vipimo vilingane. Ukikaribia saizi ya upasuaji, au ukikua haraka, au daktari anawaza stenti, hapo CT angio haikwepeki. Baada ya stenti CT ya kwanza huwa inahitajika kuona kama kuna mvujo, zinazofuata muulizeni daktari kama Dopla inaweza kushika baadhi.

Kijana mwenye Marfan, au binti mwenye Takayasu: eko kwa ajili ya mwanzo wa aota, MRI kwa ufuatiliaji wa miaka. Kama MRI iko mbali saa kumi za safari na hamwezi kwenda, CT angio moja iliyopigwa vizuri ni bora mara mia kuliko kukaa bila picha, msijilaumu.

Mtoto au kijana mwenye presha ya juu na mapigo ya miguuni hafifu: inaweza kuwa aota imebana tangu kuzaliwa. Eko kwanza, kisha MRI au CT kuchora njia nzima, katheta ikiwa wanakwenda kuipanua.

Figo dhaifu: Dopla na MRI isiyo na dawa zitangulie kama hakuna dharura. Ila aliyeko kwenye dayalisisi na hakojoi kabisa, wasiwasi wa kontrasti kuharibu figo kwake haupo tena kwa uzito ule, CT mara nyingi inawezekana. Na kwenye dharura ya uhai figo hazitangulizwi mbele ya mgonjwa.

Mjamzito: altrasaundi na MRI bila gadolinamu. Akishukiwa mchaniko na hakuna njia nyingine ya haraka, CT anapigwa, kwa sababu mama akifa mtoto naye yuko hatarini. Anayenyonyesha akishapigwa CT ya dawa anaendelea kunyonyesha kama kawaida, hakuna haja ya kumwaga maziwa.

Miguu inauma ukitembea na inaacha ukisimama, au kidonda cha kisukari hakiponi: Dopla na kupima presha ya kifundo cha mguu kwanza. CT angio kuona njia nzima, japo kwa wenye kisukari chokaa nyingi kwenye ateri ndogo za chini ya goti inaziba picha, na hao ndo mara nyingi katheta inawafaa, hasa kama siku hiyohiyo watafunguliwa panapoziba.

Na kama ulishawahi kupigwa popote, hata miaka mitano nyuma, beba CD yenye picha zenyewe, sio ripoti ya karatasi peke yake. Anayesoma picha yako leo akiona aota ina sentimita 4.2, jambo analolitaka kuliko yote ni kujua ile ya mwanzo ilikuwa ngapi, na atataka aipime mwenyewe pale palipopimwa.